Asubuhi ya Saba Mbele ya Mdomo wa Mto

"Nikiingia majini usinisemeshe mpaka nitoke," Elisée aliniambia huku akivua viatu. "Hata ukiona natetemeka, nyamaza tu."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka, piga kelele."

Tulicheka kwa sauti ya chini, maana mahali pale hapakutaka kicheko. Ilikuwa mwezi wa sita, jua halijatoka, na Johannesburg yote ilikuwa imeganda. Nyasi za ukingoni zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mbele yetu palikuwa na tundu la zege lenye kimo cha watu wawili, na ndani yake giza ambalo hata taa ya simu yangu haikulifikia mwisho. Maji yalikuwa yanatoka humo taratibu, yakitoa mvuke kama pumzi ya mtu aliyelala.

Huo ni mto Jukskei. Unazaliwa chini ya jiji. Unatembea gizani chini ya barabara, maduka na makanisa ya maghorofani, na hapa Bertrams, mitaa miwili kutoka nyumba tunayopanga mimi na mjomba wangu, ndipo unapouona mwanga kwa mara ya kwanza. Nimeishi karibu na tundu hilo tangu nina miaka tisa, tulipotoka kwetu Kongolo, lakini sikuwahi kusimama mbele yake. Watu wa kanisa wanaobatiza mtoni nao hawasimami hapo. Muda mfupi kabla, mama mmoja wa kanisa lao, amevaa joho jeupe na kushika mshumaa, alikuwa amepita akatuona. Alinionya kwa Kizulu. Wao hubatizia kule chini ya daraja, akasema. Maji ya hapa mdomoni yanaongea.

"Kwetu kwa baba yangu wangemwambia amesema kweli," Elisée alisema mama yule alipokwisha kupita. "Mto ni mtu. Shangazi anauita Mtu Mrefu. Kichwa chake kiko milimani, miguu yake iko baharini, na anasema siku zote. Ila wanaomwelewa ni wachache."

"Na huyu wetu? Kichwa chake kiko wapi?"

Aliangalia ndani ya tundu. Elisée ni fundi bomba. Mabomba ya jiji hili anayajua kama mimi ninavyoijua mishono ya mjomba, fundi wa suti.

"Huyu wetu walimjengea juu ya kichwa," akasema.

Nikavuta shali yangu.

Elisée alikuja mjini hapa akiwa mgongoni mwa mama yake, Mama Léocadie. Baba yake, Amos, alikuwa Mcherokee kutoka Oklahoma, huko Amerika, mchimba visima aliyefanya kazi na misheni moja karibu na Kalemie. Aliondoka kabla mtoto hajazaliwa, akafa kwao. Mama Léocadie hakuwahi kusema mengi zaidi ya hayo. Miaka miwili Elisée alikuwa anaandika barua, anatafuta vyeti, anapekua majina katika daftari la zamani ambamo Wacherokee waliandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Alimpata babu wa babu yake humo. Halafu akampata shangazi yake, Nelly, aliye hai, anayelima maharage na kufundisha watoto lugha yao.

Alikuwa na haraka, na sababu ya haraka hiyo ni mimi.

Mjomba François, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Sisi ni Wahemba. Kwetu mtu ni wa tumbo la mama yake, na msichana hutolewa na mjomba. Elisée alipokuja kujitambulisha, mjomba hakuuliza ana gari au hana. Aliuliza jambo moja, akimwita petit, yaani kijana.

"Petit, wewe ni wa tumbo gani?"

Elisée hakujua. Mama yake alikuwa hataki kutaja watu wake, hata kwa kubembelezwa. Mjomba akaweka mkasi mezani.

"Mama yako nimemsikia akiongea. Ile Swahili yake ni ya kwetu kabisa, ya huko mtoni. Kama ni wa tumbo letu, huyu Falonne ni dada yako. Nikupe dada yako? Niletee jina la ukoo wako. Bila jina, usikanyage tena hapa."

Basi Elisée akamwandikia shangazi. Aliamini kwamba upande wa baba ndiko liliko jina lake. Alinihesabia koo zote saba kwenye vidole vyake vyenye makovu: Mbwa-mwitu, Kulungu, Ndege, Nywele Ndefu na nyinginezo, akicheka kama mtoto anayechagua nguo ya sikukuu. Jibu lilifika wiki iliyopita. Alinisomea mstari kwa mstari tukiwa tumekaa ndani ya bakkie yake, gari dogo la kubebea mabomba, na sauti yake ikawa inashuka.

"Baba yako alikuwa Mbwa-mwitu," shangazi aliandika. "Jina lako katika taifa letu lipo, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini wewe si Mbwa-mwitu. Kwetu ukoo unatoka kwa mama. Kamuulize mama yako, mwanangu. Na huyo msichana muulize ukoo wake mapema, kwa sababu zamani aliyeoa ndani ya ukoo wake aliuawa na ndugu zake mwenyewe. Ana mjomba? Mjomba ndiye wa kuzungumza naye."

Miaka miwili alikuwa amebisha mlango ambao watu wa baba yake wenyewe hawapitii. Siku ile alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza. Mwisho wa barua shangazi alikuwa amemwelekeza namna ya kwenda majini kabla ya jua, asubuhi saba, kuosha huzuni. Leo ilikuwa ya saba.

Aliingia. Maji yalimfika magotini. Alielekea mashariki, akainama, akajimwagia kichwani kwa viganja. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mabega yake yalikuwa yanatoa moshi kwenye baridi. Nilimtazama, na moyo ukaniuma kwa jinsi nilivyompenda, mtu mkubwa namna ile aliyesimama peke yake kwenye maji machafu akiomba kuwa wa mtu fulani.

Alipofika mara ya tano, nikasikia.

"Kabibi."

Ilitoka ndani ya tundu. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeita kutoka jikoni, hana wasiwasi, anajua utakuja.

"Kabibi."

Jina hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote Johannesburg. Aliyekuwa akiniita hivyo ni mama yangu peke yake. Na sauti ilikuwa yake, na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho mwishoni.

Mguu wangu ulisogea wenyewe. Maji yakaingia kwenye kiatu, yakaniamsha.

Nkambo, yaani mama wa mama yangu, alitufundisha tulipokuwa wadogo: mwanamke wa tumbo letu akifa, anaweza kuita kutoka majini. Anasikiwa na watu wa tumbo lake tu, wengine wote wanasikia maji. Na ukisikia, usiitike. Nilidhani ni maneno ya kutuzuia tusizame.

Nilimtazama Elisée. Alikuwa ameinama, mgongo umenielekea. Alikuwa amesikia? Ingekuwa rahisi kumuuliza. Lakini nilielewa hapohapo maana ya jibu. Kama naye amesikia, basi ni damu ya mama yangu, na kila nilichokuwa nimemwaza usiku ni dhambi. Niliuma shali yangu kwa meno nikanyamaza.

Alitoka akiwa anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Nikampa taulo.

"Falonne, ju ya nini unanitazama hivyo?"

"Nakutazama tu."

"Umekuwa kama umeona mtu."

"Iko baridi," nikasema. "Vaa shati."

"Falonne!"

Sauti hii ilitoka barabarani, tena ya mtu aliye hai. Mjomba François alikuwa anateremka ukingo akijishika kwenye matawi, koti juu ya pajama. Nyuma yake, Mama Léocadie, kitambaa cha saluni kichwani, akimlaani kwa kila hatua.

"Taratibu, Papa François! Utavunja mguu wako na wangu!"

"Nimekuta kitanda kitupu, Maman. Kitupu! Nikajiuliza, mtoto wa marehemu dada yangu yuko wapi alfajiri? Nikaja kukugongea, ukasema Elisée huja mtoni. Kumbe mwanao amemleta kwenye shimo la mashetani."

"Hakunileta, Mjomba. Nilimwomba."

"Nyamaza wewe. Na huyu, tazama, uchi mpaka kiunoni. Hii ni dawa gani unafanya juu ya mtoto wetu?"

"Si dawa, Papa," Elisée alisema. "Ni namna ya baba zangu ya kuomba. Pardon. Sikutaka mukose usingizi."

"Baba zako, baba zako! Mimi nilikuuliza mama!" Mjomba akamgeukia Mama Léocadie. "Maman, tumefika mwisho. Watoto hawa hawataachana, tunadanganyana tu. Sema mbele yao: tumbo gani lilikuzaa?"

Mama Léocadie alifunga mikono kifuani. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha foleni. Asubuhi ile sauti ilikuwa imepungua.

"Nilikwambia kwa simu, Papa. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ndugu za mama yangu walinitoa nyumbani nikiwa na mimba ya huyu. Wajomba zangu, Papa François, watu kama wewe! Walitupa nguo zangu njiani wakaniambia nisilitaje jina lao tena. Nikaapa sitalitaja. Nimelea mtoto, nimesuka vichwa vya watu miaka ishirini na tisa, sijalitaja. Leo nilitaje kwa ajili ya nini? Ili mwingine anifukuze?"

"Mama," Elisée alisema. "Kwa ajili yangu."

Mama yake hakumtazama.

Ndipo tundu likaita tena.

"Kabibi." Na baadaye kidogo, kwa upole uleule, kwa kikohozi kilekile, "Fafa."

Nilimwona mjomba akisimama kama aliyepigwa msumari. Fafa ni yeye. Mama yangu alimbeba mgongoni akiwa mtoto, na jina hilo alilipewa huko mgongoni. Uso wake, ambao nimeuona umekasirika, umelewa, umelala, sikuwahi kuuona hivyo. Alinishika kiganja, akakibana.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Usijibu. Hata akilia, usijibu."

Maji yaliendelea kutoka, yakizungukazunguka mawe. Ukingoni hapakuwa na ndege hata mmoja. Mjomba alipumua mara kadhaa, kisha nikaona wazo likimjia, na nikaogopa wazo hilo kuliko nilivyoiogopa sauti.

"Petit," akasema. "Sogea hapa."

Elisée akasogea, maji yakimtiririka kwenye suruali.

"Kuna mtu ameita sasa hivi kutoka humo. Mimi nimesikia. Falonne amesikia. Mtu mwenye ukoo ndiye anayesikia vitu hivi. Wewe unakuja hapa siku saba, unasema watu wako wanaongea na mito." Akalinyooshea tundu kidole. "Umesikia nini?"

Nilifungua mdomo. Vidole vya mjomba vikaniminya mpaka mifupa ikalia.

Ulikuwa mtego, na Elisée hakuuona. Kwake swali lilikuwa mlango aliousubiri maisha yake yote. Neno moja tu, nimesikia, na angekuwa mtu mwenye ukoo mbele ya mjomba. Hakujua kwamba neno hilo hilo lingenifanya dada yake, na kwamba mjomba angenipandisha kwenye basi la Lubumbashi siku hiyohiyo. Sikuweza kumwambia. Hata macho yangu niliyashusha, nikayaangalia maji, nikawa naomba. Sikumbuki niliomba kwa nani.

Elisée aliligeukia tundu. Aliinamisha kichwa, akalitegea sikio. Alisikiliza muda mrefu, kama anavyosikiliza ukuta kutafuta bomba linalovuja. Alitaka. Mungu wangu, alivyotaka!

"Hapana, Papa," akasema hatimaye.

"Hapana nini?"

"Sijasikia kitu. Maji tu." Alijaribu kutabasamu ikashindikana. "Ningependa kukwambia nimesikia. Tangu siku ya kwanza niko nasikiliza. Siku saba, Papa, nasimama hapa kama mjinga, nikingoja mtu aniite. Mfu, aliye hai, yeyote. Hakuna anayeniita."

Mjomba aliniachia mkono. Nilikaa chini palepale kwenye nyasi za barafu.

"Na wewe, Maman?" mjomba akauliza polepole. "Wewe umesikia?"

"Mimi nasikia meno ya mtoto wangu yakigongana!" Mama Léocadie akafoka, machozi yakimchuruzika. "Munamuuliza maswali ya wafu, atakufa na yeye! Mupeni koti!"

Mjomba alilivua koti lake, akabaki na pajama yenye mistari. Alimvisha Elisée mwenyewe, akamfunga vifungo hadi shingoni, kama anavyowafanyia wateja wake wanapojaribu suti.

"Sikiliza, petit. Aliyeita ni dada yangu, mama wa Falonne. Wanaomsikia ni watu wa tumbo letu tu. Ungesema umesikia, ningemchukua mtoto na usingemwona tena. Kama ungekuwa kweli umesikia, ungekuwa mwanangu. Kama ungedanganya, ungekuwa mwongo. Kwa vyote viwili nisingeweza kukuoza."

Elisée alimtazama, halafu akanitazama mimi. Nikaona akielewa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Na ulinyamaza?"

"Uliniambia nisikusemeshe mpaka utoke majini," nikasema, na sauti yangu ikakatika katikati, nikawa nalia na kucheka.

"Bado sijapata jina," mjomba akasema, lakini sasa alikuwa anamwambia Mama Léocadie, bila ukali. "Najua yeye si wetu. Sijui ni wa nani. Maman, wajomba zako walikosea. Mimi ni mjomba, nakwambia walikosea. Lakini huyu hakukufukuza. Miaka yote ametafuta mpaka Amerika, na huko Amerika wakamrudisha kwako. Shangazi yake ameandika hivyo, sivyo?"

"Ameandika hivyo, Papa. Na amesema mjomba wa msichana ndiye wa kuzungumza naye."

"Ah." Mjomba alijikuna kidevu. "Watu wenye adabu."

Mama Léocadie alikuwa amesogea hadi ukingoni kabisa. Alisimama akiliangalia tundu, mikono bado kifuani, na kwa muda nilidhani atapanda aondoke. Mvuke ulikuwa umemfika kiunoni. Alipozungumza, hakutugeukia.

"Mama yangu aliitwa Feza."

Elisée akainua kichwa.

"Feza. Aliyemzaa Feza ni Mwadi. Aliyemzaa Mwadi ni Sangwa, huyo sikumwona, lakini walisema alikuwa na pengo hapa, kama lako." Akagusa jino lake la mbele. "Sisi ni Bena Mulonda. Wewe ni Mwina Mulonda, Elisée. Ulikuwa hivyo tangu tumboni. Ni mimi niliyekunyima."

"Bena Mulonda nawajua," mjomba akasema taratibu. "Ng'ambo ya mto. Tulikuwa tunaoa kwao. Nkambo yangu mmoja alizikwa na watu wa kwao." Kisha akanyoosha mgongo, akiwa na pajama yake na viatu vyenye matope, akawa mjomba kamili. "Petit, sema."

"Niseme nini, Papa?"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Elisée," alianza. "Mama yangu ni Léocadie. Mama yake ni Feza. Feza ni wa... wa Sangwa..."

"Mwadi," Mama Léocadie akamrekebisha. "Mwadi kwanza."

"Feza ni wa Mwadi. Mwadi ni wa Sangwa. Bena Mulonda."

"Tena."

Akasema tena, bila kukosea. Mama yake alimfikia akamshika uso kwa mikono miwili, akimvuta chini mpaka paji la uso lake likagusa lake, na walikaa hivyo huku maji yakipita. Sisi tukatazama pembeni.

"Jumapili baada ya misa," mjomba akasema. "Uje na mama yako. Mupite mlango wa mbele. Na uvae shati."

Tulipanda ukingo tukiwa tumechoka kama watu waliotoka msibani. Jua lilikuwa limeanza kugusa mapaa ya mabati ya Bertrams. Nilikuwa wa mwisho. Juu kabisa nilisimama, nikasikiliza. Yalikuwa maji tu, au labda sikutaka tena kusikia zaidi ya maji. Elisée alirudi hatua mbili akanifuata.

"Alikuwa anasema nini, mama yako?"

"Alikuwa ananiita tu. Kama chakula kimeiva."

"Ulitaka kwenda?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini yeye asubuhi hiyo alikuwa amekataa uongo uliokuwa mtamu kuliko wangu.

"Nilitaka," nikasema. "Ningekuwa peke yangu ningekwenda."

Alinishika mkono, barabarani, mchana unaanza, mbele ya mjomba, jambo ambalo hatukuwahi kuthubutu. Kiganja chake kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni, nikakificha ndani ya shali yangu pamoja na changu.

Mjomba François aligeuka kutuita, akaiona mikono ile. Akakohoa. Kisha akageuza uso akaitazama robot, taa ya magari ya njiapanda, iliyokuwa inawaka nyekundu ingawa hapakuwa na gari hata moja, na akaendelea kuitazama kwa makini mpaka ikawa kijani.